Karatasi Yako Iko kwa Nani?

Mtoto wa khalati yangu anakaa Likoni, ana miaka 22. Jumanne iliyopita, saa sita usiku, akanitumia meseji: "Kaka, viza imetoka. Naruka Alhamisi ijayo. Nambie nibebe nini."

Swali la haki kabisa. Na mimi ndio wa kuulizwa, manake nilienda Doha 2022 nikarudi, na hapa Kisauni kuna wazee mpaka leo wananiita Mqatari, japo zile pesa ziliisha zamani. Ningeweza kumjibu kwa dakika mbili. Beba soksi nyingi. Beba pilipili yako. Adapta usinunue, plagi zao ni kama zetu. Lakini nilikaa na simu mkononi nikaona yale ninayotaka kumwambia hayaingii kwenye begi. Asubuhi nikamwambia tu, "Subiri, naandika kitu."

Kitu chenyewe ndio hiki. Tunaanzia Doha, halafu tunarudi nyuma mpaka 1875, hapa hapa bara ya Mombasa. Wale mliozoea posti zangu za dakika tatu, leo wekeni chai kabisa.

Nilifika usiku. Tulikuwa Wakenya kumi na mmoja wa ajenti mmoja, mabegi yetu yote yamefungwa utepe wa rangi moja kama mizigo ya harusi. Nje ya uwanja wa ndege alikuwa amesimama jamaa na karatasi ya majina. Hakutusalimia, alitusoma. Ukisikia jina lako unaingia kwenye basi. Yale maghorofa ya Doha mnayoyaona kwenye picha tuliyaona kupitia dirisha tu, kama dakika kumi hivi, halafu yakabaki nyuma, taa zikapungua, tukaingia sehemu ya viwanda: malori, gereji, vumbi, harufu ya dizeli. Mtu wa Changamwe angejihisi yuko kwao.

Chumba kilikuwa na vitanda vinne vya ghorofa, watu wanane. Wakenya watatu, Waganda wawili, Wanepali wawili na Mghana mmoja aliyekuwa akikoroma kama feri ikikaribia ukingo. Mimi mtoto wa Pwani nilidhani joto nalijua. Silijui. La kwetu linakulowesha, la kule linakukausha mpaka midomo inapasuka, na ilikuwa mwezi wa tano tu. Siku ya kwanza nililala na viatu kando ya kichwa, sijui nilikuwa naogopa nini. Siku ya pili tukapelekwa kupimwa: damu, picha ya kifua, alama za vidole. Foleni ilikuwa ndefu kama ya chakula cha msaada, na kwenye foleni nikagundua kitu kilichonifurahisha kidogo. Nilikuwa naelewa maneno. Mwarabu akisema sabuni ni sabuni, sanduku ni sanduku. Mhindi akisema gari ni gari, duka ni duka, chai ni chai. Nikajiona kama nimezaliwa na kamusi ya hao watu mdomoni. Hilo tutalirudia.

Siku ya tatu akaja mtu wa kampuni anayeshughulikia makaratasi. Wao wanamwita mandubu. Akasema paspoti zote, ni za kutengenezea kitambulisho. Tukatoa. Alizitia kwenye mfuko wa plastiki wa supamaketi. Nakumbuka nikiwaza, kijinga tu, kwamba mifuko hii kwetu ilipigwa marufuku 2017. Paspoti kumi na moja, mfuko mmoja, akaukunja mdomo akauweka chini ya kiti cha gari. Nikamuuliza zitarudi lini. Akasema, "Inshallah."

Sisi watu wa Pwani tunaijua inshallah. Kuna ile ya dua na kuna ile ya fundi cherehani.

Kitambulisho kilitoka, paspoti haikurudi. Wiki iliyofuata tukaitwa ofisini kutia sahihi mkataba mwingine, wenye mshahara mdogo kuliko ule niliosaini Mombasa. Niliusoma mpaka mwisho. Nikaona kabisa tarakimu zimebadilika. Na nikatia sahihi. Hapo ndipo nataka mnielewe: hakuna aliyenipigia kelele, hakuna aliyenitisha, hata maji baridi nilipewa. Ila nilikuwa nimekopa pesa za watu kulipa ajenti, na paspoti yangu iko kwenye mfuko wa plastiki mahali nisipopajua. Mtu aliye hivyo hahitaji kutishwa.

Cha ajabu ni kwamba sheria ya Qatar yenyewe inamkataza mwajiri kukaa na paspoti ya mfanyakazi. Wakati naenda walikuwa wameshabadilisha mengi. 2018 waliondoa ile ruhusa ya bosi ya kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi, 2020 wakaondoa sharti la kupata barua yake kabla ya kuhamia kazi nyingine, Machi 2021 wakaweka mshahara wa chini kabisa wa riali 1,000 kwa mwezi. Kwa maandishi, mimi nilifika kafala ikiwa imeshazikwa. Paspoti yangu niliiona tena baada ya miezi kumi na tisa, siku ya kuondoka.

Sasa, kabla mtu hajaja kuniandikia "huo ni utumwa wa kisasa." Mimi hilo neno silipendi likitumika kirahisi. Nililipwa. Kwa zile pesa mamangu ana chumba cha mawe na bati jipya Bakarani, na kuna siku nilicheka sana na wale Wanepali. Halafu mimi nakaa Kisauni, na Kisauni tuna watu ambao babu zao waliuzwa kweli. Niliporudi ndipo nikaanza kusoma habari zao, kwa sababu ya kengele.

Mnaijua Kengeleni. Kila matatu ya Kisauni kwenda mjini inapita pale kabla ya Daraja la Nyali, makanga wanaita "Kengele! Kengele!" na wengi wetu tumeshuka pale mara elfu bila kuangalia ile kengele yenyewe. Ni kengele ya Frere Town. Na Frere Town, kama ukiiangalia vizuri, ni hadithi ya watu waliokuwa na siku za kwanza ngumu kuliko mtu yeyote aliyewahi kushuka Mombasa.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alisaini mkataba na Waingereza, biashara ya watumwa ya baharini ikapigwa marufuku na soko la Zanzibar likafungwa. Aliyekuwa ametumwa kumshinikiza alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Uingereza zikawa zinakamata majahazi yenye watumwa. Likazuka swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri mpaka leo: ukishamtoa mtu kwenye jahazi, unampeleka wapi? Kwao ni Ziwa Nyasa, au ndani kabisa kwa Wayao na Wamakua. Njia ya kurudi ndiyo ile ile ya wafanyabiashara waliomleta. Basi wamishonari wa CMS, wakiongozwa na William Salter Price, wakanunua ardhi hapa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na kuanzia 1875 meli zikaanza kuwashusha watu.

Fikiria siku yao ya kwanza. Umeibwa ukiwa mtoto, umetembezwa miezi, umepakiwa kwenye jahazi, jahazi limekamatwa na watu weupe wenye mizinga, halafu unashushwa pwani usiyoijua, watu wanaongea lugha usiyoijua, unaambiwa uko huru. Uhuru wenyewe unakuja na orodha. Jina lako linaandikwa kwenye daftari la misheni, na baadaye ukibatizwa utaandikwa lingine. Unapewa posho na mahali pa kujenga kibanda. Kengele ikilia unaamka, ikilia unakwenda kazini, ikilia unakwenda kusali. Na hiyo hiyo ndiyo ya kuonya kama kuna hatari, manake wenye watumwa wa hapa Pwani walikuwa hawakupendezwa hata kidogo na kijiji kile.

Waliowapokea nao walikuwa wageni, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kulikuwa na kundi lililoitwa Waafrika wa Bombay. Hawa walikamatwa utotoni, wakaokolewa baharini miaka ya nyuma, wakapelekwa India, wakasomeshwa kwenye kituo karibu na Nasik. Walijifunza useremala, uhunzi, Kiingereza, Kihindustani. Halafu wakaletwa Mombasa kusaidia misheni. Watu wakasema "wamerudi Afrika". Wamerudi wapi? Mtu kama William Jones, Myao, fundi chuma, aliondoka kwao mtoto. Alipofika huku 1864 alikuwa anavaa suruali na anaongea lugha ya Bombay, na Waswahili wa mjini walimwona mgeni kama wanavyomwona Mzungu. Ngozi ni ile ile na bado huna mtu. Mimi nilipokuwa kwenye ile foleni ya Doha nikielewa sabuni na sanduku na gari, sikujua kwamba kuna Waafrika waliosimama Kisauni miaka mia na arobaini na kitu kabla yangu wakiwa na Kihindi mdomoni na hawana pa kukitumia.

Na misheni haikuwa malaika. Mwishoni mwa miaka ya 1870 msimamizi wa Frere Town alikuwa mtu aitwaye Streeter, na chini yake watu walichapwa viboko na kufungwa, watu ambao walishakombolewa. Habari zikafika kwa ubalozi wa Uingereza Zanzibar, kukawa na uchunguzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akaondoka. Nikisoma hapo huwa nasimama. Hawa walikuwa huru kisheria. Tatizo ni kwamba uhuru wao ulikuwa umeandikwa kwenye daftari la mtu mwingine, na mwenye daftari ndiye mwenye chakula.

Wakati huo huo, kule Rabai, juu ya milima ukitoka Changamwe, watoro walikuwa wanazidi kumiminika. Hawa si wa kwenye majahazi. Ni watumwa wa mashamba ya Pwani waliotoroka wenyewe kwa miguu, na waliokuwa wakiwapokea ni akina Jones, ambaye safari hii alikuwa kasisi. Wenyewe wakaja kudai watu wao. Ikawa karibu vita. Mwishowe George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza kutawala huku akalipa fidia kwa wenye watumwa, na tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro zaidi ya 1,400 wakagawiwa hati za uhuru. Kila mtu yake, mkononi.

Mnaweza kubishana na mimi kuhusu hiyo fidia, na mtakuwa na haki: alilipwa aliyemiliki, aliyemilikiwa akapewa karatasi. Lakini ukiwauliza wale watoro, nadhani wangekwambia karatasi si kitu kidogo. Usiku wa kuamkia siku ile mtu yeyote angeweza kukushika njiani akasema wewe ni wangu. Asubuhi unaye shahidi mfukoni. Utumwa wenyewe, kama hali inayotambuliwa na sheria, haukufutwa hapa Pwani mpaka 1907.

Wajukuu wa Frere Town mnawajua. James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934 ni mtoto wa pale. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye sauti yake wazazi wetu wote walikulia nayo, aliyefariki Februari 2025, ni wa ukoo huo huo. Familia iliyoanza na mtu kutekwa huko Nyasa ikaja kuifundisha Kenya nzima uungwana kwa Kiswahili kwenye redio. Hiyo ndiyo maana ya kuzoea ugeni, na ilichukua vizazi.

Nipite haraka kwenye reli, manake hiyo mnaijua ya shuleni. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India, kwa mikataba ya miaka mitatu. Walishuka Kilindini, wakavuka Makupa kwenda Changamwe na kuendelea. Karibu 2,500 walikufa. Kama 6,700 walibaki. Kila nikifikiria wale Wahindi na Wanepali niliolala nao chumba kimoja Doha, naona ni gari moshi lile lile, wamebadilisha tu abiria na steshini. Basi.

Kwenye kipande sitapita haraka, kwa sababu kipande kilivaliwa na mtu wa kwetu.

Babu yake baba yangu aliteremka kutoka Taita kuja kubeba mizigo bandarini. Sikumkuta. Nilichokikuta ni kikopo chake cha bati, kidogo, chenye tundu la kamba, ambacho nyanya alikuwa akiwekea sindano. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni cha ugoro. Nimekuja kujua ukubwani kwamba kile ndicho walichotundikwa shingoni.

Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi akitaka kutoka kwao kwenda kazini lazima awe na kipande: jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara anaolipwa, na sahihi ya mwajiri kwamba amemruhusu kuondoka. Bila hiyo sahihi wewe ni mtoro, na hakuna wa kukuajiri, na polisi wanaweza kukutafuta kwa alama za vidole mpaka wakupate. Angalieni na ujanja wa ule mstari wa mshahara. Ukienda kwa bosi mpya, anafungua kikopo chako, anaona ulikuwa unalipwa ngapi. Umeshafungwa bei kabla hujafungua mdomo.

Kwa hiyo karatasi ilikuwa shingoni kwako wewe, usiku na mchana, lakini kalamu ilikuwa kwa bosi. Mimi nilipewa kalamu nikasaini, karatasi ikawa kwao. Sijui kati yangu na babu nani alikuwa afadhali. Nimelifikiria hilo sana na sijapata jibu. (Na mnajua kwamba mpaka leo polisi akikusimamisha anakuambia "toa kipande"? Neno halijawahi kuondoka.)

Babu alilala Majengo, chumba cha kupangana, wengine wanatoka zamu ya usiku wengine wanaingia kitandani. Mji ulikuwa unataka mikono yao bandarini na kwenye reli, lakini haukuwa umejenga mahali pa miili yao kulala. 1939 waligoma, na moja ya mambo waliyopata ni pesa kidogo ya nyumba. Halafu Januari 1947 mji ukasimama kabisa. Wafanyakazi kama 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, mpaka wapishi wa majumbani, kwa siku kumi na mbili. Wakaunda chama chao, African Workers Federation, na kijana aitwaye Chege Kibachia akawa kiongozi. Agosti mwaka huo huo alikamatwa, akahamishiwa Kabarnet, Baringo, akakaa huko miaka karibu kumi.

Na kipande? Mwaka huo huo wa 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote, Mzungu na Mhindi nao wachukuliwe alama za vidole. Wazungu walipiga kelele sana. Kumbe walikuwa wanajua wanachowafanyia wenzao.

Naileta habari ya Kibachia kwa sababu ya mtu mwingine. Mwaka mmoja kabla mimi sijaenda Doha, kulikuwa na Mkenya pale, Malcolm Bidali, mlinzi kama nilivyokuja kuwa. Alikuwa akiandika mtandaoni kwa jina la bandia, Noah, kuhusu vyumba, zamu, mabasi, vitu vya kawaida tu tunavyovijua. Mei 2021 akachukuliwa, akakaa kizuizini karibu mwezi mzima akiwa peke yake. Julai akatozwa faini ya riali 25,000, na Agosti akaondoka nchi ile. Kosa ni maneno. Kwenye chumba chetu jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini. Mimi nina hii kurasa tangu 2020, na muda wote wa miezi kumi na tisa sikuposti chochote ila picha za bahari na chakula. Mlinipa likes nyingi sana, asanteni.

Sasa kuna kitu kimoja kimenikera wiki hii, nikakiweka mwisho makusudi. Simu yangu inaniletea video za vijana wa Kijerumani na Kifaransa walioko Australia na viza ya likizo ya kazi. Umri kama wangu. Anachuma matofaa miezi miwili, analala kwenye gari, anahamia mgahawa wa pwani, akichoka anakwenda kuteleza mawimbi. Siku ya kwanza analia kidogo kwa sababu amekumbuka nyumbani, watu wanamliwaza. Siwaonei gere, kulia ni haki yao, mimi mwenyewe nililia chooni. Nilichokiangalia ni sheria yake. Mpango huo Australia waliuanzisha 1975, miaka mia kamili baada ya Frere Town. Kwa kawaida mwenye ile viza haruhusiwi kukaa kwa mwajiri mmoja zaidi ya miezi sita. Yaani serikali inamwambia ahame! Viza ni yake, si ya bosi, na bosi akimletea upuuzi anapakia gari lake anaondoka.

Nikatafuta kama Mkenya anaweza. Kwenye orodha ya Australia hatumo. Lakini nikakutana na kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Uingereza ilikuwa na mpango kama huo kwa vijana wa nchi zote za Jumuiya ya Madola, miaka 17 mpaka 30, Kenya ikiwemo. Kijana wa Changamwe mwaka 2007, akiwa na nauli na akiba, angeweza kuomba. Novemba 2008 wakaufunga, wakaleta mwingine, ulioanza na nchi nne: Australia, New Zealand, Canada na Japani. Mlango ulikuwepo, ukafungwa, na hapa mtaani hata hatukusikia kishindo. Sisi tulibaki na milango ile ambayo ukiingia unaacha paspoti kwa bawabu.

Nimemwambia huyu ndugu yangu yote haya Jumapili. Alivuka feri akaja, tukakaa kibarazani kwa mama tukila mahamri na mbaazi, akanisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza, "Sasa kaka, unaniambia nisiende?"

Simwambii asiende. Mamake anadaiwa kodi ya miezi mitatu, na yeye na bodaboda ya kukodi haifiki popote. Mimi mwenyewe nilikwenda. Nilimwambia akaangalie kama ajenti wake ana leseni ya serikali, ameniapia anayo, nikamwambia usiniapie, nionyeshe. Nilimwambia mkataba aliosaini hapa auwache nakala kwa mama, nakala kwangu, na picha kwenye barua pepe asiyoifungua kwa simu ya kampuni. Nilimwambia akifika aandike namba ya ubalozi kwa kalamu kwenye kitambaa cha ndani ya begi, manake simu hupotea.

Jioni tukateremka mpaka Kengeleni. Kuna saiba pale, jamaa ananijua. Tukatoa nakala za paspoti, kila ukurasa, shilingi kumi kumi, rangi ni ishirini. Dogo akataka ile ya picha tuitie plastiki iwe ngumu. Tulipotoka nje akawa ameshika paspoti mkono mmoja na nakala mkono mwingine, anaziangalia.

"Akija huyo mandubu," akaniambia, "nikimpa hii ya plastiki nikamwambia ndio hiyo tu niliyo nayo?"

Nikamwambia atacheka. Atakuambia lete ile nyingine.

"Na nikikataa?"

Matatu ya feri ikaja, makanga anaita, watu wanasukumana. Akaingia, akapata kiti cha dirishani. Bado hajanijibia ile meseji niliyomwandikia usiku wake, na leo ni Jumatano.